Hedifoni na Sauti ya Mtu

Mtu akienda Kariakoo kununua vipokea sauti vya masikioni, ambavyo wengi wetu tunaviita hedifoni, jambo la kwanza atakalofanyiwa ni kuwekewa wimbo wenye besi nzito. Muuzaji atamtazama usoni, mnunuzi atatikisa kichwa, na wote wawili wataafikiana kwamba chombo ni kizuri. Sijapata kuona muuzaji akimwekea mteja taarifa ya habari, wala utenzi, wala sauti ya mwanamke anayeimba peke yake. Tunazipima hedifoni kwa ngoma, kisha tunakwenda nazo nyumbani kuwasikiliza watu.

Katika kurasa hizi nataka kutetea kipimo kingine. Nasema kwamba hedifoni ipimwe kwanza kwa sauti ya mtu, tena sauti inayoimba maneno ambayo msikilizaji hayajui. Natambua kuwa ushauri huu unapingana na ule unaotolewa kila mahali, yaani, chukua wimbo unaoujua vizuri ndipo uonje nao. Ushauri huo una maana yake, lakini kwa wimbo wa maneno una kasoro kubwa, na kasoro hiyo nitaieleza.

Tuanze na sauti yenyewe. Mwanamume anapozungumza, mlio wake wa msingi huwa kama mitetemo 85 hadi 180 kwa sekunde, na wa mwanamke kama 165 hadi 255. Hapo ndipo tunapoipata lahani. Lakini neno halikai huko chini. Irabu hutambulikana kwa milio iliyo juu zaidi, kuanzia mamia machache hadi kama 3,000, na konsonanti za mpumuo kama s, sh, f na th hupanda kutoka 2,000 hadi 8,000 na kupita. Simu za waya za zamani zilipitisha mitetemo 300 hadi 3,400 tu. Ndiyo maana mtu akitaja jina lake aliulizwa, "F ya Fatuma au S ya Salma?" Aliyeuliza hakuwa kiziwi, ile sehemu ya sauti inayotenganisha herufi hizo mbili ilikuwa haijamfikia. Kwa Kiswahili tofauti hiyo si ndogo. Ndiyo inayotenga kufuka na kusuka, au thamani na samani.

Sasa ongeza besi. Sikio letu lina tabia moja ambayo wataalamu wa sauti wameithibitisha siku nyingi: mlio mnene wenye nguvu hufunika milio iliyo juu yake kwa urahisi kuliko mlio mwembamba unavyoweza kufunika ulio chini yake. Kwa hiyo hedifoni iliyotiwa besi kupita kiasi haiongezi ngoma tu, bali pia inapunguza maneno. Msikilizaji hushiba mdundo na kuondoka na njaa ya maana.

Jambo hili lilinijia kwa uzito kwa sababu ya kanda moja. Shangazi yangu, mzaliwa wa Maneromango katika Wilaya ya Kisarawe, alirekodiwa miaka ya tisini akiimba nyimbo za kutwangia pamoja na wanawake wenziwe wawili. Redio kaseti iliwekwa juu ya kigoda, karibu na kinu kuliko ilivyopasa, na kila mchi unaposhuka kanda nzima inatikisika. Nyimbo zenyewe ni za Kizaramo. Shangazi amekwisha kufariki. Wajukuu zake wanaishi Kibaha, wanazungumza Kiswahili, na Kizaramo wanakisikia misibani na harusini tu. Kanda ilipohamishiwa kwenye simu wakaamua kuyaandika maneno ya bibi yao kabla hayajapotea, nami nikaombwa niwasaidie.

Hapo ndipo ugomvi ulipozuka. Katika ubeti wa pili mmoja aliandika neno lenye f, mwenziwe akaandika lenye s, na kila mmoja alikuwa tayari kuapa. Wote wawili walikuwa wakitumia hedifoni kubwa za Bluetooth, za aina inayosifiwa kwa besi, na katika hedifoni hizo kinu cha Maneromango kilinguruma kama lori linalopanda mlima. Nilileta hedifoni ya waya ya Sony, MDR-7506, chombo kilichoanza kuuzwa mwaka 1991 na ambacho hutumika sana katika studio na vituo vya redio. Si chombo cha kupendeza. Hukaza kidogo milio ya juu, na baada ya saa mbili huchosha sikio. Lakini kinu kilirudi mahali pake, nyuma ya waimbaji, na ile herufi ikasikika wazi kuwa ni s. Wale vijana walisikiliza kwa zamu na hakuna aliyebisha tena.

Tukaenda na kanda hiyo Kisarawe, kwa bibi mmoja mkongwe aliyepata kutwanga pamoja na shangazi. Tukamvika hedifoni zile zile za besi, kwa kuwa ndizo kijana alizokuwa nazo mkononi. Bibi alisikiliza nusu ubeti, akalitaja lile neno bila kusita, lenye s, kisha akaendelea kuimba mstari uliofuata, ambao katika kanda umemezwa wote na kinu na hakuna mmoja wetu aliyekuwa ameusikia hata kidogo.

Tukio hilo lina fundisho ambalo wasifiaji wa hedifoni hawalitaji. Bibi yule, kwa umri wake, kwa vyovyote husikia milio ya juu kwa shida kuliko wale wajukuu. Hata hivyo alisikia zaidi yao, kwa sababu wimbo ulikuwa tayari umo ndani mwake. Anayeujua wimbo hupokea dokezo tu na kujijazia mengine. Hata hedifoni mbovu humtosha. Asiyeujua hana cha kujazia; kila herufi lazima imfikie kutoka nje. Kwa hiyo anayehitaji hedifoni nzuri zaidi ya wote ni mwanafunzi wa lugha, na mjukuu, na mgeni. Na ndiyo sababu wimbo unaoujua kwa moyo ni shahidi mbaya dukani: utakuonyesha maneno yote, lakini mengi utakuwa umekuja nayo mwenyewe.

Najua nitajibiwa kwamba muziki wetu ni ngoma, na kwamba kumnyima Mswahili besi ni kumlisha ugali bila kitoweo. Hoja hiyo ina haki yake. Lakini tuangalie ngoma inavyopigwa. Mdundiko wa Wazaramo hupita njiani, hewani, huku watu wakitembea nao. Mdundo husambaa uwanjani na sauti ya kiongozi hupaa juu yake, naye husimama pale anapotaka asikike. Wapigaji wanaujua mpaka huo. Hedifoni iliyojaa besi ndiyo isiyoujua, kwa kuwa inauchukua mdundo wa uwanja mzima na kuutia katika tundu la sikio. Kupunguza besi hiyo ni kuirudishia ngoma adabu yake.

Wala sisemi kwamba hedifoni nzuri ni ile inayosafisha kila kitu. Chukua mchiriku, muziki wa uswahilini Dar es Salaam wenye mizizi katika ngoma za Kizaramo. Vinanda vidogo vya Casio na sauti ya mwimbaji hupitishwa katika vipaza sauti chakavu na spika za honi mpaka vikwaruze, na mkwaruzo huo ndio ladha yake. Hedifoni laini inayougeuza mkwaruzo kuwa asali inasema uongo sawa na ile inayozidisha besi. Uaminifu ni kuleta sauti ilivyo, ikiwa ya hariri au ya gunia.

Rekodi za zamani nazo zina masharti yake. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kuimba katika santuri za His Master's Voice, kurekodi kwa kipaza sauti cha umeme kulikuwa kumeanza miaka mitatu tu kabla ya hapo. Santuri ya mizunguko 78 ilibeba kama dakika tatu kwa upande mmoja, na mitetemo iliyo juu ya 5,000 hivi ni mchakacho zaidi kuliko mwimbaji. Kwa santuri kama hizo, hedifoni inayong'arisha milio ya juu haimleti Siti karibu, ila inaleta kelele za sindano. Hapo inafaa ile iliyotulia, yenye nguvu katikati. Hali kadhalika kanda za Radio Tanzania Dar es Salaam. Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki mwaka 1979, na Marijani Rajabu, aliyefariki mwaka 1995, waliimba visa vyenye mwanzo na mwisho, mithili ya barua zinazosomwa kwa sauti. Anayekosa maneno yao hubaki na magitaa, na magitaa ni mazuri, lakini barua haijasomwa.

Baada ya kusema hayo, ni hedifoni ipi basi? Jibu linategemea umekaa wapi, na wilaya hizi mbili jirani za Mkoa wa Pwani zinanipa mfano mzuri. Kisarawe, ukitoka kidogo mjini kuelekea misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, usiku ni mtulivu. Mahali kama hapo zinafaa hedifoni zilizo wazi mgongoni, yaani zile ambazo makopo yake yana vitundu vya kupitisha hewa. Sennheiser ya Ujerumani ndiyo iliyotangulia kuuza aina hiyo, HD 414, mwaka 1968, na HD 600 yake ya mwaka 1997 mpaka leo hutajwa kila panapozungumzwa sauti ya mtu. Inastahili. Mwimbaji huonekana yuko mbele yako chumbani, hajabanwa ndani ya fuvu. Ila ina ukinzani wa omu 300, hivyo simu nyingi huiendesha kwa unyonge bila amplifaya. Besi yake ya chini kabisa ni hafifu. Na aliyeketi karibu nawe atausikia wimbo wote.

Ipeleke hedifoni hiyo hiyo Kibaha, pale Maili Moja, kandokando ya Barabara ya Morogoro, na ubora wake wote utapotea. Malori, mabasi na bodaboda vitaingia katika kila kitundu. Huko inatakiwa iliyofungwa, au ya kuchomeka sikioni inayoziba vizuri. Msikilizaji wa daladala anayetumia hedifoni isiyoleta maneno hufanya jambo moja tu: hupandisha sauti. Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kadiri sauti inavyopanda ndivyo muda wa usalama unavyopungua. Hivyo chombo kinachomleta mwimbaji mbele hulinda pia sikio, kwa kuwa hakimlazimishi mtu kutafuta neno kwa nguvu.

Yako mambo madogo ambayo maandishi ya ng'ambo hayatayataja. Wanawake wengi wa Pwani huvaa ushungi, na hedifoni ya kufunika sikio ikikaa juu ya kitambaa hupoteza milio ya juu na kuvujisha ya chini. Kwao ya kuchomeka ndani ya ushungi ni bora, hata kama dukani ilionekana duni. Joto letu na jasho hubanja ngozi bandia ya mito ya hedifoni, na mto uliochakaa hauzibi, na usipoziba sauti yote hubadilika. Uliza kabla ya kulipa kama mito inabadilishika. Waya nao ukikatika, heri ule unaochomoka kuliko uliozamishwa ndani.

Na ukifika dukani fanya hivi, ndugu msomaji. Nenda na rekodi ya mtu anayeimba au kughani jambo usilolijua, ikiwezekana kwa lugha yako, na kalamu na karatasi. Sawazisha ukubwa wa sauti kati ya hedifoni moja na nyingine, maana inayolia kwa nguvu zaidi hudhaniwa daima kuwa ndiyo bora. Sikiliza ubeti mmoja mara moja tu na uandike maneno. Rudia kwa hedifoni nyingine na ubeti mwingine. Kisha linganisha karatasi, usilinganishe msisimko. Muuzaji atakuona mtu wa ajabu, lakini karatasi haina ushabiki wa kampuni.

Wale vijana wa Kibaha wamekwisha kuandika beti saba. Mstari uliomezwa na kinu wameupata kwa bibi wa Kisarawe, si kwa Sony. Kuna beti nyingine nne ambazo bibi mwenyewe hakuwahi kuzisikia, kwa kuwa shangazi alikuwa akitunga papo hapo, na hizo hakuna mtu hai anayezijua. Kwa hizo tumebakiwa na kanda na masikio yetu, na ndiyo maana sioni kuwa kuchagua hedifoni ni jambo la anasa.