Hongera, mafundi wa Boxer

Wapenzi wa magari ya mbio hubishana bila kuchoka: Datsun 240Z ikibadilishwa injini, bado ni ile ile? Ndilo gari alilolitumia Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, kushinda Safari Rally ya 1973, kwa hiyo ubishi huo ni wetu pia. Jibu bora nimelipata kwa mafundi wa bodaboda wa Kasese na Bwera, magharibi mwa Uganda.

Pikipiki ya Bajaj Boxer inayobeba magunia ya kahawa kutoka milima ya Rwenzori hadi Mpondwe, mpakani na Kongo, haikai sana na spea za kiwandani. Kiti hushonwa upya, keria huchomelewa vyuma vinene, cheni na pistoni hubadilishwa. Lakini mtazame fundi: anawasha, anainamisha kichwa, anasikiliza ile silinda moja, kisha anazungusha skrubu ya kabureta kidogo tu mpaka mlio utulie. Kampuni kule India iliandika jina kwenye tangi; sifa ya kutoogopa mlima imejengwa na mikono hii yenye grisi. Nawapongeza kwa moyo wote. Wanastahili vibanda vyenye paa na sakafu ya saruji, si kivuli cha mti tu.