Bahari Iitwayo Makala ya Utafiti

Msomaji wa tenzi za mwambao anajua malenga aanzavyo. Humtaja Mola, humsalia Mtume, aghalabu huagiza wino na karatasi, kisha hueleza sababu ya kutunga. Ndipo aingiapo katika kisa chenyewe. Afikapo tamati huomba asamehewe makosa, hutaja jina lake, na pengine idadi ya beti na mwaka. Hapana amwitaye mwigaji kwa kuifuata njia hiyo. Njia ni ya watunzi wote. Kisa na sauti ndivyo vilivyo vyake.

Makala ya utafiti, yale ambayo mwanafunzi wa uzamivu hutakiwa kuyaandika kwa Kiingereza ili ahesabiwe miongoni mwa wanazuoni, nayo ni bahari yenye arudhi yake. Aliyelidhihirisha jambo hilo kwa uwazi mkubwa ni John Swales, Mwingereza aliyepata kusomesha Libya na Sudan kabla ya kuhamia Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani. Mwaka 1981 alizichambua tangulizi 48 za makala ya fani mbalimbali. Na katika kitabu chake Genre Analysis cha 1990 akaonyesha kuwa utangulizi aghalabu huenda hatua tatu. Kwanza mwandishi huonyesha uwanja wa mjadala na umuhimu wake. Pili huonyesha pengo lililomo katika uwanja huo. Tatu hutangaza kwamba yeye amekuja kuliziba. Mwaka 1994, akiwa pamoja na Christine Feak, alitoa Academic Writing for Graduate Students, kitabu cha kufundishia ambacho toleo lake la tatu lilitoka 2012.

Kitabu hicho kina fadhila ambayo haifai kufichwa. Kabla yake, na hata leo katika madarasa mengi, mwanafunzi aliyetoka katika lugha nyingine huambiwa kwamba maradhi yake ni sarufi. Hurekebishiwa vitenzi, akarudi na vitenzi vilivyonyooka katika makala yasiyosomeka. Swales na Feak huanzia kwingine: nani atasoma, kwa nini asome, na nini kitangulie nini. Huanza na matini fupi, wakaingia katika maelezo ya takwimu, muhtasari na uhakiki, ndipo wakafika kwenye makala kamili. Hata hapo, mbinu na matokeo hufundishwa kabla ya utangulizi, kwa kuwa asiyejua alichokipata hawezi kujua aseme nini mlangoni. Mpangilio huu huwaondolea wengi fedheha. Hapana azaliwaye akiandika makala ya utafiti, hata akizaliwa London. Mwingereza naye huenda chuoni kujifunza.

Vivyo hivyo katika somo la kupima nguvu ya dai. Mwanafunzi hufunzwa kwamba matokeo machache hayabebi neno zito, hivyo achague kati ya lililothibitika, lielekealo kuwa kweli na liwezekanalo tu. Wako wanaodhani kuwa tahadhari hii ni tabia ya Wazungu. Lakini Kiswahili kina huenda, yumkini, yaelekea na pengine, na kila moja lina uzito wake. Malenga aombaye asahihishwe mwishoni mwa utenzi anaujua unyenyekevu kabla hajafundishwa chuoni. Tofauti ni moja, na mwalimu hana budi kuisema: malenga hujinyenyekeza mbele ya Mola na wasomaji, ilhali mtafiti hutakiwa ajinyenyekeze mbele ya ushahidi wake. Asiyeelezwa tofauti hiyo huomba radhi palipothibitika, na huapa palipo na shaka.

Walakini, kanuni ikishaandikwa huwa na maisha yake. Washairi wanalijua hili vyema kuliko walimu wa Kiingereza. Sheikh Amri Abedi alipochapisha Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri mwaka 1954, aliwafaa wengi waliotaka kujua misingi ya vina na mizani. Miaka 20 baadaye, Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, wako walioikamata sheria kama rungu, wakisema kisicho na vina si shairi. Mzozo ule ulifundisha jambo moja: kuzieleza desturi za watungaji ni kazi moja, na kuwafungia watungaji mlango ni kazi nyingine.

Hatua tatu za Swales zimepatwa na yayo hayo. Yeye alieleza alichokikuta katika makala yaliyokwisha kuandikwa, na kitabu chake na Feak humtaka mwanafunzi ayachunguze makala ya fani yake mwenyewe, aone yanafuata nini na yanaacha nini. Darasani maelezo hugeuka kalibu. Mwanafunzi hujaza uwanja, hujaza pengo, hujaza nia, mradi kalibu imejaa. Kosa hilo ni la wafundishaji zaidi kuliko la kitabu.

Liko kosa jingine lililo ndani zaidi, nalo limo katika neno pengo lenyewe. Pengo ni la nani? Chukua mfano wa mwanafunzi wa Unguja anayetafiti kilimo cha mwani. Kilimo hicho cha biashara kilianza mwaka 1989 katika pwani ya mashariki, kwa mbegu iliyotoka Ufilipino, na wakulima wake wengi ni wanawake, ambao hushuka pwani wakati wa bamvua, maji yatokapo sana. Mwanafunzi huyo atawauliza bibi na shangazi zake, nao watamweleza. Kisha ataketi kuandika utangulizi, na kanuni itamtaka aseme kwamba jambo hili halijapata kujulikana. Kwa maktaba, sentensi hiyo ni kweli. Kwa wale waliomweleza si kweli hata kidogo. Amefundishwa kuliita pengo lile ambalo ni ukimya wa marejeo ya Kiingereza, na waliomfunza watatokea katika sehemu ya mbinu wakiwa idadi ya waliohojiwa.

Swales hakuwa kipofu wa hatari hii. Mwaka 1997 alichapisha makala akikifananisha Kiingereza na Tyrannosaurus rex, mla nyama awamezaye wenziwe katika malisho ya taaluma. Wala enzi ya Kiingereza si ya milele. Newton alitoa Principia kwa Kilatini mwaka 1687, na Opticks kwa Kiingereza mwaka 1704. Makala mashuhuri ya Einstein ya mwaka 1905 yaliandikwa kwa Kijerumani. Lugha za elimu hupokezana.

Haifuati kwamba mwanafunzi akiache Kiingereza. Mcheza kwao hutunzwa, ni kweli. Lakini mkulima wa Ufilipino, ambako mbegu ile ilitoka, hatasoma Kiswahili, na mtaalamu wake atasoma Kiingereza. Chombo kinahitajika. Kinachotakiwa ni nahodha ajue amepakia mali ya nani.

Basi somo hili lingeongezwa mambo mawili. La kwanza ni kulirekebisha pengo: mwanafunzi afundishwe kusema jambo halijaandikwa pale ambapo halijaandikwa, na halijulikani pale tu ambapo amewauliza wajuao wakakosa jibu. La pili ni kumtaka aandike hoja yake kwa Kiswahili, ukurasa mmoja usio na maneno ya kuazima pasipo haja. Lugha haitamwangusha, majarida ya Kiswahili na Mulika ya Dar es Salaam, na Swahili Forum la Ujerumani, yamekwisha kubeba hoja nzito kwayo. Kila mfasiri anajua kwamba sentensi inayokataa kuvuka mara nyingi ni sentensi ambayo mwenyewe hakuielewa.

Na ukurasa huo, kabla kazi haijapelekwa kwa mhariri wa ng'ambo, usomwe mbele ya mmoja wa waliomweleza. Akimkatiza na kusema, "Hilo si sisi tuliokwambia?", mwanafunzi atajua ni sentensi ipi ya utangulizi wake inayodai kuandikwa upya.