Dakika 6 za Kuruka Kamba

Kano ya kisigino ikishauma kwa miezi, mkimbiaji huwa tayari kumeza chochote. Ndiyo maana unga wa kolajeni, yaani protini ya ngozi na mifupa ya wanyama iliyovunjwavunjwa kuwa peptidi, unauzika. Jaribio linalotajwa sana kuutetea lilichapishwa mwaka 2017 na Keith Baar wa Chuo Kikuu cha California, Davis, pamoja na wenzake. Lina ufundi wa kusifiwa, ila ufundi wenyewe umejificha mahali ambapo mnunuzi haangalii: kwenye saa.

Walichukua wanaume 8 wenye afya. Kwa zamu, na bila kuambiwa wamepewa nini, walikunywa kinywaji chenye jelatini (kolajeni iliyopikwa) gramu 15, chenye gramu 5, au kisicho nayo kabisa. Jelatini ilichanganywa na vitamini C, maana bila hiyo mwili hauwezi kuzifuma nyuzi za kolajeni zikakaza. Wakasubiri saa 1. Kisha wakaruka kamba dakika 6, basi. Walirudia mara 3 kwa siku, kila baada ya saa 6, kwa siku 3.

Kwa nini saa 1? Huo ndio muda ambao asidi amino zilizojaa kwenye jelatini, kama glisini na prolini, hufikia kilele katika damu. Kano hupata damu kidogo. Chakula chake kingi huingia na majimaji inapovutwa na kuachiwa, kama sifongo. Kwa hiyo virutubisho vitangulie, mvuto ufuate. Na kwa nini dakika 6 tu? Tishu za ligamenti zilizooteshwa maabara zilionyesha kwamba seli hushiba mvuto ndani ya dakika 10 hivi, kisha huhitaji saa kama 6 kabla ya kuitikia tena. Anayekoroga unga wake usiku na kupanda kitandani ameiacha nusu ya jaribio. (Supu ya makongoro nayo ina jelatini, ndiyo sababu huganda ikipoa, lakini nani ajuaye bakuli limebeba gramu ngapi?)

Kwa gramu 15, kiashiria cha utengenezaji wa kolajeni katika damu kilikuwa mara 2 ya kile cha kinywaji kisicho na jelatini. Hapo ndipo ninaposita. Kiashiria hicho, PINP, hutoka zaidi kwenye mifupa, na kuruka kamba huitikisa mifupa pia. Tena, kati ya wale 8 hapakuwa na mgonjwa wa kano. Watafiti wa Denmark walizidisha shaka mwaka 2013: wakifuatilia kaboni-14 iliyotapakaa hewani kutokana na majaribio ya mabomu ya nyuklia, waliona kwamba kiini cha kano ya kisigino karibu hakijengwi upya baada ya umri wa miaka 17 hivi.

Unga huu usichanganywe na peptidi za sindano kama BPC-157, ambazo ni habari nyingine kabisa. Ushahidi mwingi wa BPC-157 ni wa panya, na WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa haramu michezoni, iliiweka kwenye orodha yake ya marufuku mwaka 2022. Mkimbiaji wa Iten au Arusha hupimwa kwa orodha hiyo hiyo.

Jaribio la wagonjwa halisi lililochapishwa mwaka 2019 lilikuwa na watu 20 wenye kano ya kisigino inayouma. Waliotangulia kupewa peptidi za kolajeni, gramu 5 kwa siku, walipata nafuu mapema kuliko waliopewa unga bandia. Lakini makundi yote mawili yalikuwa yakifanya mazoezi ya misuli ya shavu la mguu mara 2 kwa siku, na mazoezi ya aina hiyo yana historia yake. Mwaka 1998 Håkan Alfredson wa Sweden aliwapa wanamichezo 15 wenye maumivu ya kano hiyo kazi ya kushusha kisigino polepole, seti 3 za mara 15, asubuhi na jioni, kwa wiki 12, hata kama kinauma. Maumivu yakipungua, waliongeza uzito kwenye mkoba wa mgongoni. Wote 15 walirudi mbioni, na unga haukuwemo.