Pongezi kwa Quentin Blake, Mchoraji

Ni nadra mchoraji kuitazama kazi ya umri mzima akaikuta bado changa. Lakini Quentin Blake wa Uingereza, aliyezaliwa mwaka 1932, na ambaye jarida la Punch lilianza kupokea michoro yake mwaka 1949, angali mwanafunzi, amejaaliwa fadhila hiyo. Rasimu huilaza juu ya kioo chenye taa chini yake, akaifunika kwa karatasi safi, kisha kwa kalamu ya wino akachora upya pasipo kuifuata kwa taklidi, ndipo mstari ukapata uhai. Umaarufu wake watokana na vitabu vya mwandishi Roald Dahl alivyovichorea picha. Mimi nastahabu picha alizochorea hospitali, ambamo wazee huparamia matawi ya miti bila haya.