Mpelelezi wa Unguja katika Korido za Majengo

Muhammed Said Abdulla alikuwa bwana afya kabla ya kuwa mwandishi. Alizaliwa Makunduchi, kusini mwa Unguja, mwaka 1918, na alipomaliza masomo mwaka 1938 akaajiriwa kama mkaguzi wa afya, kazi aliyoishika miaka kumi. Mkaguzi wa afya hupiga hodi nyumba za watu, akakaribishwa hadi uani, akatazama karo, mtungi na shimo la taka, akauliza maswali bila kumvunjia mwenye nyumba heshima. Akiwa mkali hafunguliwi mlango mara ya pili. Akiwa mpole kupita kiasi haoni kitu. Kila ninapofungua riwaya zake za mpelelezi Bwana Msa naiona kazi hiyo ikiendelea, ila sasa kinachotafutwa si viluwiluwi vya mbu, ni muuaji.

Mwaka 1948 aliingia katika uandishi wa habari. Alihariri gazeti la Zanzibari, akawa mhariri msaidizi wa Al Falaq, Al Mahda na Afrika Kwetu, kisha kuanzia 1958 akahariri Mkulima hadi alipostaafu 1968. Katikati ya shughuli hizo alituma hadithi kwenye mashindano ya East African Literature Bureau ya 1957/58, akatwaa zawadi ya kwanza. Hadithi hiyo ndiyo Mzimu wa Watu wa Kale, iliyotoka kuwa kitabu mwaka 1960. Kisima cha Giningi kilifuata 1968. Alipostaafu, kalamu ikafunguka: Duniani Kuna Watu mwaka 1973, Siri ya Sifuri 1974, Mke Mmoja Waume Watatu 1975, Mwana wa Yungi Hulewa 1976.

Hizo nne zilichapishwa Nairobi, na East African Publishing House. Bureau nayo makao yake yalikuwa Nairobi. Kwa hiyo mpelelezi huyu wa Kiunguja, mwenye kiko mdomoni, vitabu vyake vingi vilipita mjini petu kabla ya kuenea Afrika Mashariki, na sisi wa Majengo hatuna haja ya kumwona mgeni.

Nasema hivyo kwa sababu ya nyumba. Mtaa wetu wa Pumwani, Nairobi, ulitengwa kuwa makazi ya Waafrika mwanzoni mwa miaka ya 1920, na Majengo ikasimama hapo kwa fito, udongo na mapaa ya madebe yaliyokunjuliwa. Ramani ya nyumba ilikuwa ya pwani: mlango wa mbele unafungua kwenye korido, vyumba viko huku na huku, na mwisho wa korido kuna uani, penye jiko, bafu na choo cha wote. Mwenye nyumba alishika chumba chake, vingine akavipangisha. Ukikaa katika nyumba ya namna hiyo unajua nani amerudi saa ngapi kwa mlio wa kandambili. Unajua nani amepika nini, nani ana mgeni, na nani leo hakuitikia salamu. Jambo la siri katika nyumba hiyo lina mashahidi sita, na wote sita wamelisikia nusu nusu.

Ufundi wa Abdulla umejengwa juu ya nusu hizo. Riwaya nyingi za upelelezi za Ulaya huweka ushahidi kwenye vitu: jivu la sigara, tope la kiatu, kitasa kilichovunjwa. Abdulla aliisoma mila hiyo na akaifuata. Bwana Msa na sahibu yake Najum wanamkumbusha kila msomaji Sherlock Holmes na Watson, na Inspekta Seif anashika nafasi ya polisi mwenye haraka. Lakini kwa Abdulla ushahidi mkubwa uko kwenye mazungumzo. Watu wanakaa, wanataniana, wanasifu chakula, wanauliza hali za watoto, na ndani ya maneno hayo ya kawaida kabisa kuna jina moja lililotajwa mahali pasipostahili, au ujamaa uliorukwa ulipopaswa kutajwa. Msomaji mwenye pupa huruka kurasa za porojo ili afikie mauaji, halafu mwishoni hugundua kwamba jawabu lilikuwa kwenye porojo. Nawapenda waandishi wanaompa msomaji kila kitu mkononi namna hii na bado wakamshinda. Si hila, maana hakuna kilichofichwa.

Katika Mzimu wa Watu wa Kale, maiti ya Bwana Ali inakutwa kwenye mzimu, mahali panapoogopwa, na watu wanaona mzimu wenyewe ndio uliomtwaa. Hapa mwandishi mvivu angemleta mpelelezi awacheke wanakijiji. Abdulla anaupa uvumi nafasi yake kamili, hadi msomaji anatambua kwamba uvumi ni sehemu ya mauaji: muuaji anayeijua hofu ya majirani zake hahitaji kuficha maiti. Kisima cha Giningi kinafuata njia ya karibu na hiyo, maana Giningi kwa Wazanzibari ni mji wa wachawi, na jina tu latosha kuwafunga watu midomo. Bwana Msa hana silaha dhidi ya woga huo zaidi ya subira na hoja. Anauliza, anavuta kiko, anauliza tena kwa njia nyingine.

Na maswali yake hurudi nyuma. Kwangu hapa ndipo penye ukubwa wa Abdulla. Uhalifu katika vitabu vyake mara nyingi una umri mkubwa kuliko marehemu: chanzo chake ni ndoa ya zamani, mtoto aliyelelewa kwa jina lisilo lake, urithi uliopita mkono usio wake. Ili amjue muuaji, Bwana Msa lazima kwanza ajue nani ni mtoto wa nani, kwa hiyo upelelezi unageuka kuwa utafiti wa nasaba. Isitoshe, Unguja anayoichora kwa kiasi kikubwa ni ile ya kabla ya Mapinduzi ya 1964, yenye mashamba ya karafuu na watu wa matabaka yaliyopangwa kwa damu na mali. Wahakiki wapo waliomlaumu kwa kubaki huko wakati nchi imeshageuka. Naielewa lawama hiyo, ila naona faida yake: kwa kubaki alituhifadhia namna watu walivyosemeshana, walivyoogopana na walivyofichana katika mji ambao umeshaondoka.

Wenzake walikwenda njia nyingine. Faraji Katalambulla alitoa Simu ya Kifo mwaka 1965, yenye mwendo wa kasi wa mjini. Elvis Musiba akamleta jasusi Willy Gamba katika Kufa na Kupona mwaka 1974, bastola kiunoni, akiwakabili maadui wa harakati za ukombozi hadi hapa hapa Nairobi. Ben Mtobwa naye akawa na Joram Kiango wake. Vitabu hivyo nilivimeza na sivibezi. Lakini Gamba ukishamaliza kitabu umemaliza, ilhali Bwana Msa ukishamjua muuaji ndipo unataka kurudi ukurasa wa kwanza uone ulipitwa wapi.

Riwaya ya mwisho, Kosa la Bwana Msa, ilitoka 1984, miaka minane baada ya iliyotangulia, na miaka saba kabla ya mwandishi kufariki mwaka 1991. Jina lake lenyewe linampeleka mpelelezi mbele ya wasomaji wake kama mtu awezaye kukosea, na hiyo ni heshima kubwa kwa msomaji aliyekuwa naye tangu 1960.

Natamani njia ya Abdulla ya kuandika ifike kwetu, maana nasaba za kufumbuliwa hata huku zipo. Mwishoni mwa miaka ya 1930 serikali ya kikoloni ilibomoa kijiji cha Pangani cha Nairobi, watu wakahamishiwa Shauri Moyo. Huko Pangani, na Pumwani vilevile, wanawake wengi walijenga nyumba zao wenyewe. Baadhi walitoka bara peke yao, wakasilimu, wakachukua majina mapya, wakajenga udugu mpya mjini. Basi tuseme mmoja wao anafariki, na mlangoni wanafika wawili: mmoja ni ndugu wa damu kutoka kijijini, anayemwita kwa jina ambalo korido nzima haijapata kulisikia, mwingine ni binti aliyemlea katika chumba cha pili kushoto. Nyumba ni moja. Bwana Msa asingeanza na maiti. Angeomba kiti uani, akawauliza wapangaji habari za watoto.