Neno na Sauti katika Ukumbi wa Wigmore

Ukumbi wa Wigmore, uliopo katika mtaa wenye jina hilohilo katikati ya London, una viti 552 tu. Kwa jiji lenye kumbi za kuingiza watu maelfu, idadi hiyo ni ndogo, nayo ndiyo inayoupa ukumbi huu tabia yake. Okestra kubwa haina nafasi humo. Jukwaani hupanda mwimbaji na mpiga piano wake, au watu wanne wenye fidla mbili, viola na chelo, au mtu mmoja na luti yake, ala iliyozaliwa na udi wa Waarabu na kuchukua hata jina lake huko. Huu ndio muziki uitwao wa chumbani, kwa kuwa asili yake ni kupigwa majumbani mbele ya watu wachache. Msimu wa Wigmore huuweka pamoja na muziki wa kale, wa kabla ya mwaka 1750 hivi, na kazi mpya za watunzi walio hai. Mpenzi wa ushairi akiitazama ratiba hiyo ndefu kwa makini ataona kuwa ndani yake mna hoja moja inayobishaniwa usiku baada ya usiku: shairi linapoimbwa, mwenye amri ni nani, neno au sauti?

Ukumbi wenyewe haukujengwa na Waingereza. Waliojenga ni C. Bechstein, watengenezaji piano wa Kijerumani, waliotaka mahali pa kusikilizisha ala zao karibu na duka lao. Ulifunguliwa tarehe 31 Mei 1901 kwa jina la Bechstein Hall, na miongoni mwa waliopiga siku ile alikuwemo Ferruccio Busoni. Vita Kuu ya Kwanza vilipopamba moto, mali za Wajerumani zikatwaliwa. Mwaka 1916 ukumbi, pamoja na piano 137, ulinadiwa ukanunuliwa na wenye maduka ya Debenhams kwa pauni 56,500, na ulipofunguliwa tena mwaka 1917 uliitwa Wigmore Hall. Jina la Kijerumani lilifutwa mlangoni. Lugha ya Kijerumani ikarudi kwa njia ya jukwaa, kwa kuwa mwimbaji wa nyimbo za aina hii hawezi kuwakwepa Schubert, Schumann na Brahms. Na Januari 1948 kundi la Amadeus lilijitambulisha humu kwa wasikilizaji wa London: watatu kati ya wanne walikuwa Mayahudi waliokimbia Vienna, na Uingereza iliyowapa hifadhi ilikuwa imewahi kuwazuia kambini kama raia wa nchi adui. Walidumu pamoja, wanne walewale, mpaka mmoja wao alipofariki mwaka 1987. (Ile picha ya kubani juu ya jukwaa, yenye roho ya muziki inayoukodolea macho mpira wa moto, ni jambo jingine. Msikilizaji hapotezi kitu akifumba macho.)

Katika hoja ya neno na sauti, mzee wa wabishi ni Goethe. Kwake yeye mtunzi wa muziki alipaswa kulitii shairi: atafute sauti moja nzuri, kisha airudie kwa kila ubeti, na mwimbaji abadilishe hisia tu kadiri maneno yanavyokwenda. Msikilizaji wa pwani haoni ajabu hapo. Shairi lenye mizani sawa toka ubeti wa kwanza hadi wa mwisho limezoea sauti moja, na anayeghani utenzi wa mamia ya beti habuni mahadhi mapya kila avutapo pumzi. John Dowland, aliyechapisha kitabu chake cha kwanza cha nyimbo mwaka 1597, aliifuata njia hiyo. Kurasa zake zilipangwa kwa ustadi wa kupendeza: sauti moja imechapwa wima, nyingine ubavuni, nyingine kichwa chini, ili waimbaji waizunguke meza na kila mmoja asome upande wake katika kitabu kimoja. Nyimbo kama hizo zikiimbwa Wigmore kwa luti, sauti ikiwa nyembamba kiasi cha kusikika mgeuzo wa kidole kwenye uzi, mtu hufahamu kwa nini ukumbi mdogo ni lazima. Zikipelekwa katika ukumbi wa watu elfu tano huwa hazina tofauti na barua inayosomwa kwa kipaza sauti sokoni.

Schubert aliiasi kanuni hiyo akiwa na umri wa miaka 18. Mwaka 1815 alilitia muziki shairi la Goethe liitwalo “Erlkönig”, la baba akimbiaye usiku juu ya farasi huku amempakata mtoto mgonjwa. Muziki wake haurudi ulikotoka. Msimulizi, baba, mtoto na lile jini lishawishilo, kila mmoja amepewa sauti yake, na mkono wa kulia wa mpiga piano hautulii kwa mbio za kwato. Mwaka uliofuata Goethe alitumiwa furushi la nyimbo za Schubert. Lilirudishwa bila ya neno. Wapenzi wa muziki wamemcheka mzee huyo kwa karne mbili. Si haki. Alilolitetea ni shairi lisigeuzwe kuwa kisingizio, na wako watunzi wengi, wakubwa kwa wadogo, wanaostahili kukumbushwa hilo.

Kuanzia Septemba 2015, kwa misimu miwili na maonyesho 40, Wigmore iliziimba nyimbo zote za Schubert, zaidi ya 600. Hamu ya kukamilisha hesabu ni maradhi ya kumbi za zama hizi: kwarteti zote za fulani, sonata zote za fulani, kana kwamba msanii ni rafu ya vitabu inayotakiwa isiwe na pengo. Mwenye kuchagua hufanya kazi ngumu zaidi kuliko mwenye kuhesabu. Hata hivyo mradi ule ulifichua jambo ambalo uteuzi mzuri hulificha, nalo ni kuwa Schubert hakuchagua washairi wakubwa tu. Alitungia muziki mashairi ya marafiki zake, mengine ya kupita tu, na baadhi ya nyimbo zake bora zimeota katika udongo huo mwepesi.

Wilhelm Müller ni mfano. Picha zake ni za kawaida: theluji, kunguru, mti wa mlangoni, maji yaliyoganda. Alifariki Septemba 1827, mwaka uleule ambao Schubert aliyatungia muziki mashairi yake 24 ya “Winterreise”, safari ya mtu aliyekataliwa. Katika la mwisho, mzee asiye na viatu anazungusha kinanda chake cha mkono juu ya barafu. Hakuna amsikilizaye, na kisahani chake ni kitupu. Hapo piano hushikilia sauti mbili za chini tangu mwanzo hadi mwisho. Hakuna pambo. Goethe angetaka utiifu zaidi ya huo?

Tatizo ni kwamba wengi wa waliokaa mle hawajui Kijerumani. Wigmore hutoa kijitabu chenye maneno ya nyimbo na tafsiri zake, na kwa miaka mingi tafsiri za watu kama Richard Stokes zimekuwa daraja kwa msikilizaji wa Kiingereza. Ni huduma inayostahili shukrani, hasa kwa anayejua taabu ya kazi hiyo. Lakini tafsiri ya kijitabuni ina unyonge wake: imekusudiwa kufuatwa kwa jicho, mstari kwa mstari, wakati sikio lina shughuli nyingine. Kwa hiyo hutoa maana na kuacha mizani. Mamia ya vichwa huinama pamoja, na mwimbaji hujikuta anaimbia mvi. Hadhira ya taarabu ya zamani Unguja, iliyoyajua maneno kwa moyo na kuyapokea kwa kutunza, ingeshangaa kuona watu wanasoma wimbo ilhali mwimbaji yuko mbele yao.

Ukumbi hufika kileleni mwake pale ya kale na ya sasa yanapoulizana maswali. Benjamin Britten aliuonyesha mfano. Septemba 1942 yeye na mwimbaji Peter Pears waliimba humu kwa mara ya kwanza hadharani soneti saba za Michelangelo, kwa Kiitaliano, wakati Italia ni adui vitani. Tarehe 21 Novemba 1945, ilipotimia miaka 250 tangu kufariki Henry Purcell, ikapigwa humu kwarteti yake ya pili. Sehemu ya mwisho aliipa jina kwa tahajia ya Purcell mwenyewe, “Chacony”: mada moja hutajwa, kisha ikageuzwa mara 21, mfano wa kituo kinachong'ang'ania mahali pake huku beti zikibadilika juu yake. Hapo muziki wa kale haukuwekwa kabatini kama chombo cha urithi. Umetumika.

Kwa kazi za karne hii, mfano wa kuzingatiwa ni “Bright Travellers” ya Helen Grime, ya mwaka 2017, kwa mashairi ya Fiona Benson kuhusu mimba, uzazi na mtoto mchanga. Karne nzima za nyimbo zimejaa mwanamume anayetangatanga. Hapa mwili wenyewe ndio safari. Aidha mashairi hayo ni huru, na waliofuatilia mabishano ya miaka ya 1970 kuhusu vina na mizani watatambua ugumu wake: pasipo ubeti wa kurudiwa, mtunzi hana pa kuegemea ila pumzi ya msemaji.

Kazi za namna hii, hata hivyo, aghalabu huwekwa katikati ya Haydn na Beethoven, kama dawa chungu ndani ya tende. Hadhira huimeza ikingojea utamu. Na sasa limeingia suala la fedha. Mwaka 2025 Wigmore ilitangaza kuwa kuanzia 2026 itaacha kupokea ruzuku ya Baraza la Sanaa la Uingereza, takriban pauni 344,000 kwa mwaka, baada ya kuahidiwa na wafadhili wake pauni milioni 10. Uongozi umelalamikia masharti ya Baraza, na uhuru huo una heshima yake. Lakini mfadhili naye ana masikio na mapenzi yake. Anayeupenda ukumbi kwa ajili ya Schubert atakuwa radhi kulipia shairi ambalo bado halijaandikwa? Wa kufuatilia jambo hilo asiangalie hotuba. Aichukue ratiba ya misimu ijayo, atafute wimbo mpya, kisha atazame umepangwa wapi: kabla ya mapumziko, baina ya wakubwa wawili waliokufa, au mwisho kabisa, mahali ambapo watu hutoka nao hadi mtaani.