Kati ya Theluthi Mbili na Robo Tatu

Theluthi mbili na robo tatu, ipi kubwa, na katikati yake kuna nini? Aliyekariri hutafuta kigawe kidogo cha shirika (KDS) cha 3 na 4, akapata 12, akaandika 8/12 na 9/12. Kubwa kaipata. Lakini katikati je? Baada ya nane ni tisa, hakuna pa kupenya, na hapo ndipo kalamu huanza kutafunwa.

Fundi hakwami. Huzidisha juu na chini kwa 2, sehemu zikawa 16/24 na 18/24, na 17/24 ikajitokeza yenyewe. Angezidisha kwa 10, angepata tisa kwa mkupuo. Naipenda njia hii kwa uaminifu wake, ingawa ina jasho.

Ipo nyingine isiyo na jasho: jumlisha kiasi kwa kiasi, asili kwa asili. 2 na 3 ni 5. 3 na 4 ni 7. Jibu ni 5/7. Walimu watashtuka, maana mtoto akijumlisha sehemu namna hiyo hukoseshwa, na ni haki akoseshwe kama aliulizwa jumla. Hapa hakuulizwa jumla.

Twende Bukoba, msimu wa senene. Nyumba moja ina watu watatu na kilo mbili za senene: kila mmoja ana theluthi mbili za kilo. Wanaingia ndugu zao wanne kutoka Muleba na kilo tatu, yaani robo tatu kwa kila mtu. Zote zinamiminwa kwenye sinia moja: kilo tano, walaji saba. Wenyeji wameongezewa kidogo, wageni wamepungukiwa kidogo (adabu haiwaruhusu kulisema). Fungu jipya litatokaje nje ya yale mawili ya mwanzo?

Asiyeamini azidishe kwa mshazari. 2 × 7 ni 14, 5 × 3 ni 15: theluthi mbili ni ndogo. 5 × 4 ni 20, 3 × 7 ni 21: robo tatu ni kubwa. Tofauti ni moja huku, moja kule, na moja hizo ndizo utamu wenyewe. Zinatuhakikishia kwamba kati ya 2/3 na 3/4 hakuna sehemu yenye asili ndogo kuliko 7. Ile 17/24 yetu ya jasho ilikuwa sahihi, ila ilizunguka mbali.

Mfaransa Nicolas Chuquet aliieleza njia hii mwaka 1484. Charles Haros alipanga sehemu kwa utaratibu huo 1802, lakini orodha zake leo zinaitwa za John Farey, mtaalamu wa miamba wa Uingereza, aliyeandika kuhusu orodha za namna hiyo 1816. Bahati ya mtu!

Sasa zishike 17/24 na 5/7. Mshazari unatoa 119 na 120. Zimebanana kiasi kwamba mtu angeapa hapaingii kitu. Jumlisha juu, jumlisha chini: 22/31.